Vespa mpya ya Kichina 125: nifanye nini kabla sijaanza kuiendesha kila siku?

MwalimuWaFuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu, nakaa Fuoni na nafundisha skuli ya Chukwani. Nimechoka kungoja daladala asubuhi, kengele inalia mimi bado nipo Mwanakwerekwe. Basi nilipopokea mchezo (zamu yangu ya upatu) nikanunua vespa mpya ya Kichina, 125, ya kabureta, tairi ndogo za inchi kumi. Ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kabisa pale dukani na ndiyo iliyolingana na mfuko wangu.

Ilitolewa kwenye boksi mbele ya macho yangu. Kijana wa dukani akafunga usukani, tairi la mbele, vioo na betri, akatia petroli kidogo, akawasha. Nilipomuuliza habari ya servisi akanambia, "Tembelea tu, ikifika kilomita elfu mbili uje tubadilishe oili." Jibu hilo halikuniingia. Fedha hii nimeikusanya kwa muda mrefu na nataka chombo kinifae miaka, kwa hiyo nimekitia ndani kwanza. Kimetembea kutoka dukani hadi nyumbani, basi.

Ninayotaka kujua ni haya. Oili ya kwanza nibadilishe lini, na ya aina gani? Jirani ananiambia ndani ya vespa moja mna oili mbili tofauti, ni kweli? Halafu nikiisimamisha kwa stendi ya kati na kuiwasha, tairi la nyuma linazunguka lenyewe bila mimi kuvuta resi. Huo ni ubovu? Na dakika za mwanzo ekzosi ilitoa moshi mwembamba na harufu ya kuungua.

La mwisho, ndilo linalonikosesha usingizi. Skuli yetu iko karibu na bahari, na mwisho wa wiki nakwenda Makunduchi kwa mama. Vespa za wenzangu hapa skuli zinaliwa na kutu bado changa. Nina boksi la spana la marehemu baba na siogopi grisi. Nielezeni hatua na sababu zake, maana nikijua sababu sitosahau hatua.

FundiKwerekwe

Waalaykum salaam mwalimu. Umefanya jambo la maana kuitia ndani kwanza. Mimi kazi yangu ni vespa hizi hapa Mwanakwerekwe, na nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa bado mpya injini zao hazina kosa. Injini hii tunayoiita GY6 asili yake ni usanifu wa Honda, viwanda vingi vya China na Taiwan vikaichukua wakaitengeneza kwa wingi, na spea zake zinaingiliana. Ni injini ngumu. Kilichopunguzwa ili bei ishuke ni kazi ya mwisho: kukaza, kupima, na ubora wa mipira na nati. Hiyo kazi ya mwisho inakungoja wewe.

Kwa hiyo kabla ya oili, kaza. Anzia mbele urudi nyuma. Nati ya ekseli ya tairi la mbele. Bolti mbili za kalipa, yaani kibano cha pedi, ya breki ya diski. Bolti inayofunga usukani kwenye shingo, hii itazame mara mbili kwa kuwa imefungwa dukani na si kiwandani. Bolti ndefu inayoshika injini kwenye fremu. Shokapu za nyuma, juu na chini. Kisha inama uzitafute nati mbili za ekzosi pale bomba linapoingia kwenye silinda. Hizi ndizo za mwanzo kulegea, sababu gasketi mpya ikishapata joto inajibana, na nati inabaki haina cha kushika. Ukianza kusikia sauti ya kupasukapasuka kila ukiachia resi, nenda moja kwa moja kwenye nati hizo.

Nati kubwa ya tairi la nyuma iko upande wa kulia, nyuma ya ekzosi. Inataka nguvu ya kukaza zaidi ya Nm 100, spana fupi haitoshi hapo. Ipeleke kwa fundi mwenye spana ya kupimia nguvu, ni kazi ya dakika chache na ni uhai wako.

Bolti ndogo zinazoingia kwenye alumini, kama za kava, zikaze kwa mkono wa upole. Meno ya alumini yakishaliwa, kuyarudisha ni kazi ya karakana. Zile zinazotikisika sana (vioo, kibati cha namba, kalipa) tia tone la gundi ya nati, ile ya buluu. Kwenye nati za ekzosi usitie, haistahimili joto lile. Ukifika kilomita 100 pita zote tena, na 500 tena.

Sasa oili. Jirani yako kasema kweli, ziko mbili. Moja ya injini, nyingine ya gia, inakaa kwenye kijumba kidogo penye ekseli ya tairi la nyuma, na hazikutani.

Ya injini iliyokuja nayo imwage ukifika kilomita 300. Usingoje elfu mbili, nakusihi. Ringi za pistoni na silinda mpya zinasagana hadi zizoeane, na unga ule wa chuma unaelea ndani ya oili. Gari lina filta ya karatasi ya kuudaka. Injini hii ina chujio la waya tu: vipande vinanasa, unga unapita na kurudi tena kwenye vyuma. Hauna njia ya kutoka ila oili imwagwe. Mwaga 300, mwaga tena 1,000, halafu kila 1,500 hadi 2,000.

Namna ya kumwaga: ipashe injini dakika tano, izime, stendi ya kati, beseni chini. Tafuta nati kubwa chini ya injini. Ukiifungua hadi mwisho mwisho ishike kwa kiganja, ndani mna springi inayoisukuma. Itatoka nati, springi, na chujio mfano wa kofia ndogo ya waya. Lioshe kwa petroli, linyanyue kwenye mwanga uone kama vitundu vyote vimefunguka. Angalia pia ule mpira wa duara wa nati, ukiwa umebapa au umekatika badilisha hapo hapo. Wengi wanamwaga kwa nati ndogo ya pembeni ili wasishughulike na springi, na chujio linakaa na uchafu wake miaka.

Kisha tia lita 0.8. Chupa ni ya lita moja, na mkono utatamani kuimaliza. Usiimalize. Oili ikizidi inasukumwa kupitia mpira wa pumzi mpaka kwenye filta ya hewa, sponji inalowa, injini inakosa pumzi na moshi unaanza. Iwashe dakika moja, izime, ngoja itulie, ndipo upime kwa kijiti ikiwa imesimama sawa kwenye stendi ya kati. Kwa joto letu mimi natia SAE 20W-50 ya pikipiki ya foo-stroku.

Ya gia ni kidogo sana, mililita 100 hadi 120. Nunua sirinji kubwa duka la dawa, ndiyo kipimo bora na ndiyo ya kuitilia. SAE 80W-90, ile oili ya gia ya kawaida. Imwage siku hiyo hiyo ya 300, utaona inatoka ya kijivu yenye kumetameta. Baadaye hata kila 5,000 inatosha.

Tairi kuzunguka lenyewe: injini ikiwa baridi ni kawaida. Kabureta hizi zina choki ya umeme inayopandisha sailensa (mzunguko wa injini bila kuvuta resi) kwa dakika chache, na klachi inaanza kugusa. Ikishapata moto linatakiwa litulie au lizunguke kivivu kiasi unaweza kulizuia kwa breki kidogo tu. Likiendelea kwa nguvu, sailensa iko juu, ishushe kwa ile skrubu ya kabureta. Hasa ndiyo maana nasema daima washa huku umeshika breki ya nyuma, na usivute resi ikiwa stendini. Nimeona vespa ikiruka kutoka kwenye stendi ikaingia ukutani, na mwenyewe kasimama kando.

Moshi wa mwanzo ni mafuta ya kuzuia kutu na rangi ya ekzosi vinaungua. Utaisha. Usipoisha baada ya kubadilisha oili ya kwanza, niambie rangi yake.

Kilomita 500 za mwanzo usivute resi zaidi ya nusu, au zaidi kidogo tu. Usibebe mtu. Usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu, panda na kushuka, 30, 40, 45, rudi 35. Kwa hiyo Fuoni na Chukwani ni mazoezi mazuri kwa injini mpya, lakini Makunduchi nenda kwa daladala mpaka hizo 500 ziishe.

KakaWaLikoni

Fundi ameeleza vizuri sana. Niko Mombasa na nina skuta ya injini hiyo hiyo, naongeza mambo mawili.

Dada, ukienda kununua oili utauziwa ya bodaboda. Klachi ya bodaboda inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili ikiwa laini mno klachi inateleza, ndiyo sababu chupa zao zimeandikwa JASO MA, alama ya viwango vya oili vya Kijapani. Klachi ya skuta iko kavu, upande wa mkanda unaopeleka nguvu ya injini nyuma, haigusani na oili kabisa. Yetu ni JASO MB. Lakini ukikosa MB, tia MA na uende zako, haina madhara. Mimi ningetia sintetiki tangu siku ya kwanza.

La pili ni mipira ya petroli. Skuta hizi nyingi hazina koki ya kufunga kwa mkono. Kuna vavu inayofunguliwa na mvuto wa injini wenyewe, na mpira mwembamba ndio unaoleta mvuto huo. Mipira ya kiwandani inakauka na kupasuka kwa jua hili la pwani. Mwembamba ukipasuka petroli haiji vizuri na injini inavuta hewa pembeni: inawaka, inazimika, haikai sailensa, na utaambiwa kabureta mbovu ununue nyingine. Nunua mita moja ya mpira mzuri, badilisha yote, weka na filta ndogo ya kuona ndani. Na ukienda sheli mwambie asijaze hadi shingoni. Petroli inapanuka, acha nafasi.

FundiKwerekwe

Kaka wa Likoni, kwenye mipira naunga mkono yote. Kwenye sintetiki tutofautiane kwa heshima. Oili ya kwanza inakaa muda mfupi kisha inamwagwa na unga wa chuma. Kwa mtu mwenye bajeti, fedha ya chupa moja ya sintetiki inanunua chupa mbili za kawaida, na kumwaga mara mbili mapema kunaisaidia injini hii kuliko jina la oili. Akishapita 1,000 atie anayoipenda.

UmmuSalha

Mwalimu mwenzangu, hongera. Niko Chake Chake na mimi pia naendesha, kwa hiyo nakwambia ya upande wetu sisi tunaovaa baibui, maana kaka zetu hapa hawatayakumbuka.

Ekzosi iko kulia na inachoma. Jizoeshe kupanda na kushuka kushoto, siku zote, hata ukiwa na haraka. Baibui likusanye mbele ulikalie, pindo la nyuma lisibaki linaning'inia, kwa sababu upande wa kulia wa injini kuna feni inayovuta hewa na nyuma kuna tairi. Mimi nimeshona mkanda wa mpira kwenye mapindo na nauvuta juu ya goti kabla sijawasha. Mtandio uingie ndani ya helmeti wote, na kamba ya kidevu ifungwe.

Stendi ya kati usiivute kwa mikono, mgongo utakuuma bure. Shika mkono wa kushoto wa usukani na kishikio cha nyuma, kanyaga kijiguu cha stendi chini kwa uzito wako wote, chombo kitapanda chenyewe.

Na breki. Breki mpya haishiki vizuri mpaka pedi zikae. Tafuta barabara tulivu, nenda 40, punguza taratibu hadi 10, rudia mara kadhaa, utahisi inabadilika mkononi. Breki ya diski ya mbele ni kali, na tairi hizi ni ndogo. Barabara yenye mchanga juu ya lami, kama hizo za pwani, tumia ya nyuma kwanza na ya mbele kwa kidole tu.

MwalimuWaFuoni

Allah awalipe kheri nyote. Nimefanya kama nilivyofundishwa na nataka mjue matokeo.

Nati moja ya ekzosi niliizungusha kwa vidole. Vidole vitupu! Bolti ya chini ya shokapu ya kushoto ilikuwa na nafasi. Usukani ulikuwa sawa. Nati ya nyuma nimempelekea fundi wa hapa Fuoni, kaikaza kwa spana ya kupimia na ilikwenda karibu robo mzunguko.

Oili nimeimwaga jana. Springi ilinirukia kiganjani kama alivyosema Fundi. Kwenye chujio mlikuwa na nyuzi tatu nyembamba za chuma, kama vipande vya sindano, na uchafu mweupe mfano wa gundi. Oili yenyewe nimeitia kwenye chupa ya maji nikaiweka juani: inametameta. Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, somo la msuguano limepata mfano wake. Ya gia ilikuwa ya kijivu kabisa. Na upepo wa tairi, mnapima ngapi? Dukani walizijaza hadi zinadunda.

Sasa nipeni la mkanda na la kutu. Na nimesikia habari ya tapeti, ndiyo nini na ni ya lini?

FundiKwerekwe

Nyuzi hizo ndizo ulizoziokoa, mwalimu. Uchafu mweupe ni gundi ya gasketi iliyomwagika ndani wakati wa kufunga injini, haina neno ikishatoka.

Upepo: psi 25 hadi 28 mbele, 30 hadi 33 nyuma, ya juu ukiwa umebeba mtu. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vijana wa barabarani wanajaza kwa kubonyeza kwa kidole gumba, na tairi ndogo lililojazwa sana linateleza kwenye mvua.

Mkanda uangalie kilomita 5,000, ukiwa na nyufa au umeliwa pembeni badilisha, usiongoje ukukatikie msitu wa Jozani jioni. Namba yake imeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Kuna 743-20-30 na kuna 842-20-30, injini ni moja lakini kava fupi na refu. Ukifika dukani ukasema "mkanda wa 125" utapewa wowote, kwa hiyo piga picha ya namba siku utakapofungua. Siku hiyo hiyo tazama na rola sita zilizomo kwenye puli ya mbele. Zikiwa zimechongeka upande mmoja, chombo kinaondoka kizito na kutetema.

Kutu. Chumvi ya hewa hufanya kazi polepole, ila maji ya bahari yenyewe au mchanga mbichi wa ufukweni ni haraka. Osha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kila mwisho wa wiki, kwa ndoo na kitambaa. Mashine ya presha iepuke: ikipiga kwenye mdomo wa hewa wa kava ya mkanda, maji yanaingia, mkanda unateleza, ikipiga kwenye waya chini ya kiti, utatafuta hitilafu ya umeme siku nzima. Ukimaliza iendeshe kidogo ikauke, ndipo uifunike. Ukifunika mbichi kwa turubai la nailoni umefungia chumvi na unyevu pamoja.

Halafu chukua grisi na brashi ya meno iliyochakaa. Paka vichwa vya bolti vinavyoonekana chini, maungio ya stendi, springi ya stendi, nati za marekebisho za breki ya nyuma. Vituo vya betri paka vaselini. Waya za breki na resi dondoshea oili nyepesi kutoka juu. Ekzosi ikianza kubabuka rangi, isugue kwa sandipepa mapema na upake rangi ya kuhimili joto. Shimo likishatokea chini yake hakuna rangi tena.

Sponji ya filta ya hewa ioshe kwa mafuta ya taa kila ukibadilisha oili, ikamue bila kuisokota, matone machache ya oili safi, irudishe. Barabara yako ya ndani Fuoni ina vumbi la kifusi, usipitishe.

Betri, pima kwa mita. Ikiwa imepumzika iwe volti 12.6 au zaidi. Injini ikiwaka na ukavuta resi kidogo tu, breki ya nyuma umeishika, iende kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, chaji haiendi, na betri mpya haitakusaidia.

Tapeti ni nafasi ndogo kati ya vavu na roka, kile kijimkono kinachoisukuma. Injini mpya ikizoea, vavu zinakaa ndani zaidi na nafasi inapungua. Ikiisha, vavu haifungi sawasawa: asubuhi inapigwa stata mpaka betri inachoka, na ikishapata moto haina nguvu. Watu wanauziwa plagi na kabureta kwa ugonjwa wa tapeti. Kipimo ni 0.10 mm, vavu ya petroli na ya moshi, na kinapimwa kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T kwenye magneti iwe imelingana na alama ya injini na roka zote mbili ziwe huru. Fanya hiyo ya kwanza ukifika 1,000, pamoja na oili ya pili, kisha kila 3,000 au hivi.

Ukitaka kujifunza kwa mikono yako, nileteie jioni ukitoka skuli. Ilale hapa karakana, asubuhi uje na daladala tuifungue kabla haijawashwa.